Kitako cha Bunduki ya Mlinzi wa Mahindi

Hotuba ya Katibu katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama



Wenzetu wamekwisha kusema juu ya mizani na ghala. Sisi twaomba ruhusa kusema juu ya kipande cha mti, yaani kitako cha bunduki ya mlinzi wa shamba.

Bunduki si ngeni kwetu. Alipokufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, bunduki zilizopanda kutoka Pangani zilimwongezea nguvu Semboja wa Mazinde. Kazi tuitakayo sisi ni nyingine: kuyalinda mahindi usiku, nguruwe mwitu washukapo.

Msimu mmoja mwenzetu alivunjikiwa kitako cha gobore lake. Tulimhimiza fundi amalize kwa siku tatu, naye akatumia ubao mbichi. Ubao ulipokauka ulijipinda, ukapasuka shingoni. Nguruwe walipoingia, mwenzetu alibaki na mtutu mkononi, na asubuhi hapakuwa na la kuvuna. Tulipokwenda kumpa pole hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Fundi wa pili, mzee wa makamo mengi, alitufundisha. Mpingo, alisema, ni mgumu lakini ni mzito mno, hata huzama majini. Ufaao ni mninga, kwa kuwa si mzito, na ukikauka hausinyai sana. Ubao ukaukie kivulini, kwa miezi wala si kwa siku. Nyuzi za mti ziifuate shingo ya kitako, zisiikate, maana bunduki irudipo nyuma hapo ndipo huvunjika.

Kisha alimpima mwenye bunduki tangu kunjo la kiwiko hadi kidole cha shahada. Kitako kirefu hukwama kwapani. Kifupi humpiga mtu pua kwa dole gumba lake mwenyewe. Akachonga kwa tezo, akachimba mfereji wa mtutu kwa patasi. Aliupaka mtutu masizi, akaulaza, akauinua. Palipoachwa weusi akapunguza kidogo, akarudia hata chuma kikalala sawasawa. Mwisho ikaja tupa, msasa, na mafuta ya kitani yaliyosuguliwa kwa kiganja siku baada ya siku. Kitako kile kingali kazini.

Ndugu zetu, mninga haukatwi ila kwa kibali, wala bunduki haishikwi bila leseni. Juu ya bunduki, ndivyo itakavyo sheria ya silaha ya mwaka 2015. Mwenye gobore lisilo halali asilipeleke kwa fundi, bali alisalimishe polisi.

Twaiomba Kamati itenge pembe moja ya ghala, mbao za mninga zilizopatikana kwa halali zianze kukauka humo tangu sasa. Msimu ujao, mwanachama atakapovunjikiwa, asikute tena haraka yetu. Aukute mti uliomngojea.