Mtaji Unaolala kwenye Spea: Mtengenezaji Mdogo wa Elektroniki Ukanda wa Ziwa



Fundi wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, akiamua kutengeneza taa ya kuvulia omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ujuzi haumkwamishi. Betri ya lithiamu, paneli ya sola, chaja na taa za LED anazifahamu, kwa sababu riziki yake ni kufungua simu na redio zilizokufa na kuzifufua. Mhadhara huu unashikilia kwamba kinachomwangusha ni mwendo wa pesa: hutoka mapema, hurudi kwa kuchelewa, na katikati hulala kwenye spea. Anayetaka kumsaidia aanzie hapo.

Soko lipo. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga, hasa mwezi usipoonekana. Kwa miaka mingi wavuvi walitegemea karabai, na mafuta ya taa yakala sehemu kubwa ya walichopata. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha Umeme Kwa Wote huko Mbita, kando ya ziwa, ambako mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri iliyochajiwa kwa sola, kisha akalipia kila alipoirudisha kuchajiwa. Mvuvi alilipia mwanga kidogo kidogo, kama alivyozoea kununua mafuta. Gharama ya kununua vifaa ilibaki mabegani mwa kampuni kubwa.

Fundi mdogo hana mabega hayo. Chukulia anataka kutengeneza taa 200, na spea zinazoagizwa China zinagharimu dola 10 kwa kila taa. Anahitaji dola 2,000 kabla hajauza hata moja. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 260,000. Ikifika 160, ni shilingi 320,000. Mfano huu hautoki mbali. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu na 130. Aliyeagiza Januari aliuza mwezi wa Aprili akishindana na mtu aliyenunua spea zilezile kwa bei nafuu.

Aprili pia ndio mwanzo wa msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena upande wa Kenya, unaoendelea hadi Julai. Miezi minne mnunuzi hana kipato, na fundi ana stoo iliyojaa. Akikopesha, anangoja. Akikataa kukopesha, hauzi.

Kuagiza kidogo kidogo nako kuna bei yake. Viwanda vya China siku hizi hupokea oda ya bodi tano tu za saketi, jambo lililofungulia milango wabunifu wengi. Lakini nauli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada za bandarini zikigawanywa kwa bodi tano, kila bodi hulemewa. Ndiyo maana wengi hukimbilia maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, wakanunua kilichopo. Mwezi unaofuata aina ileile ya kipande haipo, na mchoro wa bodi unaanza upya.

Uhaba huo umewahi kuwatikisa hata wakubwa. Chipu zilipoadimika duniani, Raspberry Pi ya Uingereza, yenye kuuza kompyuta zake ndogo kwa mamilioni, ilipandisha bei Oktoba 2021: modeli moja ilitoka dola 35 hadi 45. Mwenye oda kubwa alisubiri kwenye foleni. Mwenye oda ya vipande 200 hakuonekana kabisa.

Kenya ina somo lake la karibu. Mwaka 2013 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilichangisha dola 172,107 kwenye Kickstarter ili kutengeneza modemu imara yenye betri ya saa nane, ya mahali ambapo umeme hukatika. Wateja walianza kuipata mwaka uliofuata. Hawa walikuwa watu wenye jina, waliotoka Ushahidi na iHub, taasisi za teknolojia za Nairobi, na bado kifaa kilichukua zaidi ya mwaka kutoka ahadi hadi mkononi mwa mteja. Baadaye BRCK iliegemea huduma ya intaneti ya Moja, hadi ndani ya matatu. M-KOPA nayo, tangu 2012, haikutegemea taa ya sola peke yake. Iliuza mkopo wa kulipwa kila siku kwa M-Pesa, na kifaa kilizimika malipo yakikoma. Kwa kampuni zote mbili, kifaa kilibebwa na huduma inayoingiza pesa kila siku.

Sheria nayo hubadilika fundi akiwa katikati ya kazi. Vifaa vya sola vilivyokuwa vimesamehewa VAT viliwekewa kodi hiyo mwaka 2020, ikaondolewa tena 2021. Kampuni kubwa ina mhasibu wa kufuatilia. Fundi huambiwa na wakala wa forodha mzigo ukiwa tayari bandarini.

Kisha kuna taa zinazorudishwa na wateja. Kutengeneza taa moja inayowaka ni kazi ya siku chache. Kutengeneza taa 200 zinazostahimili mawimbi na unyevu wa mashua ni kazi nyingine. Kumi zikirudi, faida ya taa nyingi imekwenda, na habari zimeshafika ufukwe wa wavuvi wa Dunga kabla ya fundi. Bei isiyohesabu ukarabati ni bei ya hasara.

Kwa hiyo vyuo vya ukanda huu vifungue maabara zao jioni, fundi apime betri na uwezo wa kuzuia maji kwa ada ndogo kabla hajaenda KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kituo cha ubunifu cha LakeHub na vyama vya jua kali vikusanye oda za spea za mafundi kumi ziwe oda moja. Sacco za wavuvi zinunue taa kwa jumla kabla ya Agosti na kuwakata wanachama kidogo kidogo. Serikali ya Kaunti ya Kisumu, inaponunua taa, itenge sehemu kwa watengenezaji wa hapa na ilipe ndani ya siku 30. Mafundi nao waweke vitabu vya hesabu, ili mwenye kukopesha aone spea zinakolala na pesa zinakotoka.