Uzuri wa Panya Buku

Mtu akiulizwa habari za uzuri wa nchi ya Waluguru, hakawii kujibu. Atataja ukungu unaokaa juu ya Bondwa asubuhi, na mashamba ya mboga ya Mgeta yaliyokatwa ngazi ngazi mlimani, na vijito vinavyoteremka kuujaza mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Hayo ni kweli, wala hatuna la kuyapunguza. Lakini leo twataka kunena habari za mnyama mmoja wa nchi hiyo hiyo ambaye hatujapata kumsikia mtu akimsifu. Naye ni panya buku.

Sote twamjua. Uzito wake ni kilo moja, pengine na zaidi. Mchana hulala shimoni. Usiku hutoka akajaza mahindi na karanga katika mashavu yake, hata uso ukavimba kama wa mgonjwa wa jino, kisha akaenda kuziweka akiba. Tulipokuwa watoto tulimfukua kwa jembe na kumpiga kwa fimbo, na hakuna mzee aliyetukataza. Hata sasa mkulima aliyepanda leo, na kesho akakuta mashimo matupu, hawezi kuambiwa ampende panya. Ingawa mwizi huyo wa mbegu mara nyingi ni panya mdogo wa shambani, na buku hubeba lawama ya ukoo mzima.

Basi mwaka 1997 Mbelgiji mmoja, jina lake Bart Weetjens, ambaye utotoni alifuga panya, alianzisha chama kiitwacho APOPO. Shauri lake lilikuwa kumfundisha panya kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Watu walicheka. Mwaka 2000 kazi hiyo ikaletwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale pale chini ya milima.

Mafunzo huanza panya akiwa mtoto. Kila anusapo harufu itakiwayo, husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Baada ya miezi mingi hufungwa ukanda wa kamba, akatembea mstari baada ya mstari. Akinusa baruti hukwaruza ardhi. Misumari na mikebe mikuukuu, ambayo humchelewesha mtu mwenye chombo cha kutafutia chuma, yeye haimshughulishi. Na kwa kuwa ni mwepesi, bomu halilipuki chini ya miguu yake. Kiwanja kama cha mchezo wa tenisi hukimaliza kwa nusu saa tu. Mtu mwenye chombo aweza kukawia hata siku nne.

Fikirini mama ajuaye kwamba njia yake ya kisimani ina mabomu, naye hana kisima kingine. Jirani zetu wa Msumbiji waliishi hivyo miaka mingi. Panya wa Morogoro walikwenda huko kusaidia, na mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yaliyojulikana. Wengine wamefundishwa kunusa makohozi ya wagonjwa, nao wamegundua kifua kikuu ambacho hadubini ilikuwa imekipita.

Lakini je, huo ni uzuri, au ni faida tu? Sisi wenyewe tulidhani ni faida, mpaka tulipomtazama vizuri. Sharubu zake hazitulii hata kidogo, kama majani ya mtete penye upepo. Mkia wake ni mweusi nusu, na nusu ni mweupe kabisa, kana kwamba umechovywa katika chokaa. Akiisha kula hunawa uso kwa mikono miwili, nyuma ya masikio pia, kwa uangalifu ambao si kila mtoto wa shule anao. Masikio yale ni membamba sana, hata watunzaji wake huyapaka dawa yasiunguzwe na jua kazini.

Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na baruti zaidi ya 100. Mwaka 2020 chama cha Uingereza cha kutibu wanyama, PDSA, kilimpa nishani ya dhahabu, naye akawa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022.

Usiku mmoja, baada ya kujua haya, tulisikia mkwaruzo uchagani. Tukashika fimbo kama desturi, tukainua taa. Alikuwa ameketi juu ya mahindi yetu, mashavu yamejaa, mkia mweupe ukining'inia. Tukamtazama kitambo kizuri, naye akatutazama. Halafu akaondoka bila haraka. Asubuhi tuliziba tundu kwa mawe na miiba.