Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini

Maneno yaliyosemwa alasiri ya siku ya maadhimisho, mbele ya washiriki wa Kigoma, Bujumbura na Uvira. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.

 

  Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti wa kamati ananitazama, kwa hiyo sitazunguka.

Somo langu ni mvua. Najua wengine mmeshangaa. Siku ya sherehe, kwaya zimevaa sare mpya, keki iko mezani, halafu mtu anasimama kusema habari za mitaro na vyoo! Lakini hebu tuhesabiane. Inueni mkono wale ambao tangu mwaka 2020 maji yameingia nyumbani kwenu, au dukani, au kanisani kwenu. Msione haya. Mnaona wenyewe. Basi somo ni letu.

Sisi watu wa ziwa hili tuna maji ya aina mbili, na tukiyachanganya tunaumia.

Aina ya kwanza ni maji ya ziwa lenyewe. Tanganyika ina urefu wa kilomita zipatazo 670, inagusa nchi nne, mito inayoingia ni mingi, Rusizi huku na Malagarasi kule, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Ni kama beseni kubwa lenye tundu dogo. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, beseni linajaa. Wazee wetu waliona hivyo miaka ya 1960. Sisi tumeona 2020 na 2021, tukaona tena 2024. Maji haya hayana haraka. Leo yako kwenye mchanga, mwezi ujao yako uani, mwezi wa tatu yako chini ya kitanda. Yakishaingia hayatoki kesho. Yanakaa miezi. Ndugu zetu wa Gatumba, walio kati ya Rusizi na ziwa, hawahitaji kufundishwa hili.

Aina ya pili ni maji ya mlima. Bujumbura na Uvira zimekaa kwenye ukanda mwembamba, mlima mgongoni, ziwa usoni. Mvua ikipiga juu, kila kijito kinashuka na mawe, matope na miti. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ya saa chache iliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Maji haya hayakupi mwezi. Yanakupa dakika. Na unaweza kuwa kwako hakuna hata tone, nyota zinaonekana, kumbe mlimani kumechafuka.

Kwa hiyo shikeni hili. Maji ya ziwa, hamisha vitu mapema. Maji ya mlima, okoa watu upesi, vitu viache. Mtu akikimbilia godoro wakati mto unanguruma, amechanganya maji.

Sasa kabla sijafika kwenye mitaro, kuna neno gumu. Kila baada ya mafuriko nasikia watu wetu, tena watu waliookoka, wakisema: mtaa ule ulikuwa na pombe, mtaa ule ulikuwa na waganga, ndiyo maana. Ndugu zangu, someni Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na Bwana alikataa kabisa kusema kwamba wao walikuwa wabaya kuliko wengine. Ukiwa na mtu aliyefiwa na watoto wawili usiku mmoja, usimpelekee hesabu ya dhambi. Mpelekee blanketi, kaa naye, nyamaza.

Neno gumu la pili. Wapo wanaosema kukimbia ni kukosa imani. Yusufu mume wa Mariamu aliambiwa kwenye ndoto amchukue mtoto aende Misri. Mathayo 2 inaonyesha aliondoka usiku uleule. Hakutangaza kwanza maombi ya kufunga siku tatu! Kukimbia kwake kulikuwa utii. Mchungaji ukiwa kwenye mkesha na maji yanaingia mlangoni, tangaza watu watoke. Mungu atawasikia hata wakiwa mlimani wamelowa.

Tena Mungu wetu anajali ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza mtu akijenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hiyo ni torati, inakaa kitabu kimoja na amri kumi. Kwa hiyo mtu anayezibua mtaro wake asidhani ameacha kazi ya kiroho akaenda kwenye kazi ya mwili.

Haya, tuingie nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini sisi tusingoje hata mawingu. Kazi yetu ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Zibua mtaro wako na wa jirani, kwa sababu taka za jirani ndizo zitakazoleta maji kwako. Kama nyumba ni ya tofali mbichi, tazama mahali maji ya bati yanapodondokea. Yale matone ya kila siku yanachimba msingi taratibu. Funga gata, au angalau panga mawe chini na chimba njia ya maji kwenda mbali na ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa udongo ukilowa hauna huruma.

Weka karatasi zako pamoja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri: vitambulisho, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, hati ya kiwanja, karatasi za ukimbizi kwa wanaohusika. Zipige picha kwa simu, umtumie ndugu wa ng'ambo ya mpaka. Karatasi ikipotea Uvira, picha iko Kigoma. Wanaotumia dawa za kila siku, dawa ziwe kwenye mfuko uleule.

Siku yenyewe ikifika, zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi. Maji yakishafika na wewe umesimama ndani yake, usiguse kitu. Toka. Usivuke maji yanayokimbia. Maji ya sentimita 15 tu, chini ya nusu ya mguu kufika goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 zinabeba gari. Watu wa bodaboda na teksi, abiria akikuambia "pita tu, nitakuongeza hela," hela hiyo itatumika matangani. Watoto washikwe mkono, wazee na wagonjwa watolewe kwanza. Na kule ambako ziwa limepanda, viboko na mamba nao wamesogea. Usichote maji gizani mahali palipokuwa mtaa jana.

Baada ya maji kutoka ndipo watu wengi wanapolegea, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyumba ya tofali mbichi inaweza kusimama siku ya mafuriko ikaanguka siku ya tatu, jua likiwaka, watu wamelala ndani. Kagua nyufa, kagua pembe, usilaze watoto humo mpaka ukuta umekauka. Kisha vyoo. Vyoo vya shimo vikijaa, kila kisima cha karibu kimechafuka, hata kama maji yanaonekana meupe. Uvira na Kalemie wanajua kipindupindu kwa jina lake. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, au tia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa. Mtu akiharisha maji matupu, usingoje asubuhi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo njiani wakati mnampeleka kituo cha afya. Mama zetu wa idara, naomba kipimo hiki kibandikwe ukutani kila kanisa. Mwombee, ndiyo, lakini mnyweshe huku unamwombea.

Kazini je? Wengi wetu tunakula kwa ziwa. Kigoma tunasema dagaa, wenzetu wanasema ndagala. Samaki ni yuleyule na hasara ni ileile. Dagaa wa kuanikwa mchangani mvua ikinyesha siku mbili wanaoza, na fungu lote linatupwa. Vichanja vya kuinua dagaa juu ya ardhi, vyenye turubai la kufunika, vinagharimu, lakini kina mama watano wakichanga wanapata kimoja. Wenye maduka, inueni unga, sukari na saruji juu ya chaga, visikae sakafuni hata kiangazi. Mafundi wa cherehani za umeme, mashine za kusaga na friji: kitu kikilowa usikiwashe kujaribu. Kikaushe siku kadhaa, fundi akikague, ndipo umeme.

Na sasa nasema na ninyi mlioajiri watu, maana mpo hapa. Mfanyakazi wako akishindwa kuja kwa sababu daraja limezama, usimkate siku. Na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, tuandike kwenye kanuni, tena kiangazi hiki, kwamba aliyeingiliwa na maji anapewa muda wa kulipa bila faini. Tukingoja mvua ije ndipo tujadili, atakayekuwa na shida ndiye atakayekuwa anaomba, na kuomba kule kunamvunja mtu heshima.

Namalizia na jambo ambalo naomba ushirika huu ulipitishe leo, kabla hatujakata keki.

Kila kikundi cha nyumbani kina watu wanaokaa juu na watu wanaokaa chini. Naomba tuwaunganishe. Kila nyumba ya chini ipewe nyumba ya juu, kwa majina, kwa namba za simu, kwa daftari. Kazi ya nyumba ya juu ni mbili. Ya kwanza, kupiga simu. Wewe uliye mlimani ndiye unayeisikia mvua ya milima ya Mitumba au ya vilima vya juu ya Bujumbura kabla haijafika chini. Usiseme "watakuwa wamelala." Waamshe! Ukimwamsha mtu mara tatu bure na mara ya nne ikawa kweli, hujampotezea usingizi. Kazi ya pili ni kufungua mlango, saa yoyote, bila kuuliza mtakaa mpaka lini.

Na nyumba ya chini nayo ina kazi. Ikipigiwa simu, iondoke. Isijibu "tunaangalia kwanza." Kiangazi itembee ile njia na watoto, mchana, mpaka mtoto wa miaka sita aijue. Tena watu wa chini wasione aibu. Wengi wanakaa chini kwa sababu kiwanja cha chini ndicho walichoweza kulipa. Hilo si kosa lao, na sisi wenye viwanja vya juu tulikumbuke tunapopanga michango.

Naona saa. Nendeni nyumbani msome Matendo ya Mitume 27. Meli ya Paulo ilivunjika. Shehena ilitupwa, chombo kikapotea. Lakini watu 276 walifika pwani wote. Walioweza kuogelea walitangulia, na waliobaki walishika mbao na vipande vya meli. Mungu alikuwa ameahidi, na bado Paulo aliwaambia wale chakula, na mabaharia wakatupa shehena, na kila mtu akashika ubao wake. Ahadi haikuzuia mtu kufanya kazi usiku ule.

Mvua ya Oktoba inakuja. Makatibu wa vikundi, daftari ziko pale mlangoni kwa mhudumu. Kabla hamjapanda mabasi na maboti, kila mmoja aandike jina la nyumba yake na aseme iko juu au iko chini.

Bwana awabariki, awavushe salama. Amina.