Miguu Inapokataa: Hotuba kwa Wazee, Wachukuzi na Vijana wa Mutukula



Nafahamu kwamba askari anapoitisha baraza, watu hutazamia kusikia habari za magendo, wizi wa mifugo au vitambulisho. Leo nimekuja na jambo lingine, nalo ni misuli. Msicheke kwanza. Jambo hili lilifika kituoni kwetu likiwa kesi.

Mwaka jana, asubuhi na mapema, tuliitwa katika nyumba moja isiyo mbali na hapa. Bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 80 alikuwa amekutwa sakafuni, paji la uso limevimba na mkono umechubuka. Majirani walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba amepigwa na mjukuu wake anayeishi naye, kwa tamaa ya shamba. Tulipofika, kijana yule alikuwa amefungwa kamba kwenye mwembe, na baadhi ya watu walikuwa wameshika mawe. Tulimtoa kwa shida. Bibi alipopewa maji na kutulia, alisema maneno mawili tu: "Miguu ilikataa." Aliamka usiku kwenda haja, akajaribu kusimama, akaanguka, asiweze kuinuka tena mpaka kulipokucha. Mjukuu alikuwa akipakua magunia mpakani usiku kucha. Yeye ndiye aliyerudi, akamkuta, akapiga kelele za kuomba msaada.

Kesi iliishia pale, lakini swali lilinibakia: miguu hukataaje? Nilipochunguza maisha ya nyumba ile, sikuona dhuluma yoyote. Niliona heshima. Kijana aliteka maji, akachanja kuni, akapika, akampelekea bibi chakula pale pale alipoketi. Bibi alikuwa hajainama kupalilia wala kubeba ndoo kwa muda wa miaka miwili. Sote tungemsifu kijana huyo, na mimi bado namsifu. Hata hivyo, nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza yale niliyojifunza kwa wauguzi wetu na katika kusoma kwangu.

Misuli inayoshikamana na mifupa yetu ni zaidi ya 600. Huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni: chembe hai ndogo ndogo hujipanga, kisha huungana na kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi ndani yake. Mtoto huzaliwa akiwa na karibu nyuzi zote atakazokuwa nazo. Anapokua, na baadaye anapofanya kazi nzito, nyuzi zile zile hurefuka na kunenepa. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Alexander Mauro, akitazama misuli ya mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona chembe nyingine zilizolala kando ya nyuzi, mfano wa walinzi wa zamu walioegemea ukuta. Leo inajulikana kwamba msuli ukiumia, chembe hizo huamka, huongezeka na kuungana na nyuzi ili kuzikarabati. Mzee naye anazo, ijapokuwa hupungua na kuchelewa kuamka.

Kupotea kwa misuli ni kwepesi kuliko watu wanavyodhani. Mimi mwenyewe niliwahi kuvunjika kifundo cha mguu kwa kuteleza nikishuka kwenye gari la doria. Nilifungwa plasta wiki sita. Siku ilipokatwa nilitazama ule mguu nikadhani ni wa mtu mwingine. Suruali ya sare ilining'inia upande mmoja kama imetundikwa kwenye kamba. Nami nilikuwa mwanamume wa makamo, mwenye afya, niliyezoea gwaride.

Watafiti wa Uholanzi walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2014. Walifunga plasta mguu mmoja wa vijana wenye afya. Kwa siku 5 tu, unene wa msuli mkubwa wa paja ulipungua kwa asilimia 3.5 na nguvu kwa asilimia 9. Kwa siku 14, unene ulipungua kwa zaidi ya asilimia 8, na nguvu kwa karibu asilimia 23. Angalieni kwamba nguvu hutangulia kuondoka. Mguu waweza kuonekana mzima na kumbe umekwisha kudhoofika. Kwa wazee hali ni kali zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wasio na ugonjwa, wenye wastani wa miaka 67, kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku kumi ni malaria moja na mapumziko yake.

Sasa niwaletee habari iliyonifanya niombe nafasi ya kusimama hapa. Mwaka 1990, katika jiji la Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake walikwenda katika makao ya wazee wakachukua watu 10 waliojitolea, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walikuwa dhaifu, wengine wakitembea kwa mkongojo. Waliwapa mazoezi ya kunyoosha goti dhidi ya uzito, na uzito wenyewe haukuwa wa mchezo; ulipimwa kulingana na uwezo wa kila mmoja na kuongezwa kadiri alivyopata nguvu. Baada ya wiki 8, wale 9 waliofika mwisho walikuwa wameongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya paja ilinenepa kwa asilimia 9. Wawili waliacha mikongojo yao.

Mtu makini atauliza: nguvu zimekuwa karibu mara tatu na nyama imeongezeka kidogo vile, imekuwaje? Jibu liko katika mishipa ya fahamu. Katika wiki za mwanzo za mazoezi, ubongo hujifunza upya kuziita nyuzi nyingi kwa pamoja. Nyama hufuata baadaye. Kwa hiyo mzee asikate tamaa akitazama paja lake na kuliona lile lile.

Mwaka 1994 watafiti hao walirudia kazi hiyo kwa watu 100. Baadhi yao walipewa kinywaji cha lishe bila mazoezi, na nguvu zao hazikuongezeka kwa maana yoyote. Maharage, samaki na mayai ni matofali, nayo yanahitajika. Ila matofali hayajijengi.

Kwa wachukuzi nina neno fupi. Msuli hujengeka wakati wa kupumzika na kulala. Anayebeba magunia siku saba bila kupumzika hajengi, anabomoa.

Kwa vijana wa mazoezi neno langu ni refu kidogo, kwa sababu baadhi yenu mnauziwa sindano na vidonge vya kutunisha misuli, vinavyopitishwa kwenye vichochoro vya mpaka vikiwa havina hata maandishi. Nyingi ya dawa hizo ni homoni ya kiume ya kutengenezwa. Ni kweli zinanenepesha misuli, sitawadanganya. Lakini mwili ukipokea homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani husinyaa, na uzazi huweza kukoma kwa muda mrefu. Ini na moyo navyo huumia. Atakayemtaja muuzaji kwangu, jina lake halitatoka mdomoni mwangu.

Nawarudia wenye wazee nyumbani. Siwaambii muwarudishe jembeni. Mwacheni mzee achambue maharage akiwa amesimama, abebe kidumu kidogo anachokimudu, atembee mwenyewe hadi kwa jirani. Mara kadhaa kwa siku aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke bila kusukuma kwa mikono, aketi tena polepole, kwa kadiri awezavyo, na mtu akiwa kando yake. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au mfupa uliovunjika karibuni amwone mganga wa kituo cha afya kwanza. Na mkimkuta mzee ameanguka, mwulizeni yeye kabla ya kumfunga mtu kamba.

Bibi yule yupo nasi leo, kwa ridhaa yake, ingawa ameniomba nisimwonyeshe kwa kidole. Amefanya zoezi la kiti kwa miezi minne, mjukuu wake akimhesabia. Mlipoamka kuupokea ugeni wa meza kuu, naye aliamka.

Kiti kiko hapa mbele, na muuguzi amesimama kando yake. Mzee anayependa kujaribu, karibu.