Ahadi ya Bonasi kwa Barua Pepe: Je, Yamfunga Aliyeiandika?

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Wenzetu wamekwisha kueleza habari za korosho na ufuta. Sisi tumechagua jambo dogo kwa sura, ila lina uzito katika mfuko wa Chama: mtumishi akiahidiwa bonasi kwa barua pepe, pasipo karatasi wala muhuri, je, ahadi hiyo yafunga?

Wako wasemao kwamba maneno ya kwenye simu ni upepo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 huyahesabu kuwa mkataba makubaliano yaliyofanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo, kwa badala halali na kusudi halali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaongeza kwamba mkataba waweza kufanywa kwa njia hiyo. Mahakama hutazama ujumbe umetoka kwa nani, umetunzwaje, na kama haukubadilishwa.

Tuchukue mfano. Msimu wa korosho umekaribia, na meneja wa chama fulani awaandikia makarani wa mizani: "Msimu ukifungwa bila upungufu ghalani, kila mmoja atalipwa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja." Wakajibu, "Tumekubali," wakafanya kazi mpaka usiku, na upungufu usionekane. Ahadi hii ina kiasi, ina sharti, imekubaliwa, na jasho limekwisha kutoka. Kuwaambia kwamba ile ilikuwa barua pepe tu si jibu. Lakini kama aliandika, "Chama kikiona inafaa, kitawafikiria," hilo ni tumaini, na tumaini ni vigumu kulidai.

Tena yafaa kuuliza: aliyeandika alikuwa na idhini? Fedha za Chama ni jasho la wakulima, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Meneja asiahidi kisichomo katika makisio. Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya neno hilo. Bodi iliyomwacha meneja aahidi na kulipa kila msimu imewafanya watumishi waamini kwamba ana idhini, na sheria yaweza kuifunga kwa imani hiyo.

Mkulima atasema: kwa nini karani apate bonasi, na bei ya korosho imeshuka? Ni haki yake kuuliza, lakini aulize siku ya kupitisha makisio, kabla kazi haijafanywa. Karani huyo ndiye apimaye gunia lako. Chama kikivunja neno lake kwake leo, wewe utaliamini vipi neno la Chama kesho, utakapongoja malipo ya korosho zako?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka masharti ya kazi yawe katika maandishi. Shauri likifika na mwajiri asiyatoe, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Naye mtumishi asilale: dai la namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

Basi, ndugu zetu, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, Bodi ikubali kabla ya ahadi kutumwa. Pili, ujumbe utaje kiasi, sharti na siku ya kulipa. Tatu, uchapwe na kuwekwa katika faili pamoja na jibu la mtumishi.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Hawakuuliza imeandikwa juu ya nini. Chama hiki kiingie miaka kumi mingine kikiahidi kidogo na kulipa chote.