Safari ya Ng'ambo Huanza Nyumbani

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tuna machache ya kusema juu ya jambo ambalo mwaka huu limepunguza mfuko wa Chama na kututia haya.

Mnakumbuka tulivyochanga fedha ili kijana wetu ahudhurie mafunzo ya ufugaji ya wiki tatu nchini Ujerumani. Mama yake aliuza mtamba ili kutimiza nauli. Nasi, kwa furaha, tukanunua tiketi mara moja. Alipokwenda kuomba pasipoti ikaonekana kwamba cheti chake cha kuzaliwa kina jina la nyumbani na la baba yake, na kitambulisho kina jina la ubatizo ambalo halimo katika cheti. Kabla majina hayajapatanishwa, siku za mafunzo zilipita. Tiketi haikurudishiwa fedha. Kijana hakukosa lolote. Kosa ni letu sisi halmashauri, tulioanza mwisho badala ya mwanzo.

Basi tujifunze. Jambo la kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vya shule viwe na majina yale yale, kwa herufi zile zile. Vikitofautiana, mtu aende mapema kwa wakili aandikiwe kiapo. Na kama jina lenyewe limebadilika, ifanywe hati ya kubadili jina, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wazee, mnapompeleka mtoto kuandikishwa, mwambieni karani jina litakalodumu.

La pili ni wakati. Ujerumani ni mojawapo ya nchi za Schengen, ambazo viza yao ya muda mfupi ni moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uendelee miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Bima ya matibabu isipungue Euro 30,000. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni Euro 90, nayo hairudishwi viza ikikataliwa.

La tatu ni mpaka wetu wenyewe. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliwagawa Wamaasai pande mbili, na wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya Namanga. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini jamaa si hati: achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 huwaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, lakini hakikuondoa haja ya karatasi. Kwenda Uganda na Rwanda, kitambulisho kimetosha tangu mwaka 2014.

La nne ni mawakala wa kazi za ng'ambo. Msimpe mtu fedha wala pasipoti kabla ya kuuliza kama ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali kanuni moja: Chama kisilipe tiketi ya mtu yeyote mpaka halmashauri iwe imeziona pasipoti na viza yake kwa macho. Twaomba pia thamani ya mtamba wa yule mama irudishwe kutoka mfuko wa Chama, maana hasara hiyo haikuwa yake.

Kijana wetu sasa ana pasipoti mkononi, na majina yake yanapatana. Mwaliko mwingine ukija, tusimkawize tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.