Baiskeli mbili, safari moja

Msafara wa baiskeli wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003, hutoka Cairo hadi Cape Town na hupitia hapa Arusha. Niliwahi kuwaona mke na mume wakitokea Namanga kwa baiskeli, Mlima Meru ukiwa kushoto kwao. Kwenye kilima cha Oldonyo Sambu mke alitangulia, mume akabaki nyuma akihema. Vijana wa barabarani wakamcheka. Mke akasimama, akamngojea, akampa maji, wakaendelea pamoja.

Lakini baba anayepanda baiskeli kwenda sokoni, mkewe akimfuata kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, huyo hatumcheki. Tunamwamkia. Je, ndugu msikilizaji, kati ya hao wawili ni nani wa kuchekwa?